Nani Kamtangulia Mwenzie, Dodoma au Finiksi?

Jumamosi, 2 Agosti

Nimenunua saa mpya za ukutani. Moja ya Dodoma, nyingine ya Finiksi. Ile ya zamani inabaki ya hapa Wazo, Dar. Zote tatu zimepangwa sebuleni juu ya kochi. Kama ofisi!

Bi Hamida, jirani yangu, kaziona kabla fundi hajashuka kwenye stuli. Kasema saa ya Dodoma na ya Dar ni ile ile, nimetupa hela. Nikamwambia hiyo ni ya Dodoma, kama inafanana na ya hapa ni shauri lao.

Mjukuu wangu Lusungu yuko Dodoma, karani, kaolewa na Gaudens. Tumbo limefika mwisho. Mjukuu wangu Brightson yuko Finiksi, Marekani, kazi yake kupanga mizigo ghalani. Mkewe Yuliana naye tumbo limefika mwisho. Wote wawili wiki moja! Hawa ndio wataniletea vitukuu, sijapata hata mmoja. Na ukoo mzima unajua. Nimesema kwenye harusi, nimesema kwenye misiba, nimesema hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza: kitukuu wa kwanza anachukua jina langu. Atuganile.

Wajukuu wote walionizunguka, hakuna aliyepewa. Kila akizaliwa mmoja naambiwa zamu hii ni ya upande wa pili. Upande wa pili una zamu nyingi sana! Bi Hamida ana wajina watatu: wa Chamazi, wa Segerea na wa Tanga. Siku ya Idi mtu akiita Hamida pale kwake wanaitika wanne. Kwangu akiita Atuganile naitika mie tu.

Aliyeziseti saa ni Twaha, fundi wa Tegeta. Ya Wazo ilikuwa saa nne asubuhi, ya Finiksi kaiweka saa sita kamili. Kwa hiyo Marekani wametutangulia kwa saa mbili. Nilitegemea. Nchi iliyoendelea itakuwaje nyuma yetu? Twaha akaanza kuniambia mambo ya usiku na kurudi nyuma. Nikamwambia ashuke anywe chai.

Jumapili, 3 Agosti

Nimetoka kanisani, nimempigia Brightson kwa picha. Saa yake ukutani inasema saa nane. Nikajua kashakula cha mchana. Mume wangu huyu (ndivyo ninavyomwita, mjukuu wa kiume nimwite nani?) kaitika kwa sauti ya mtu aliyefufuliwa. Kalala! Saa nane mchana, mke tumbo kubwa, yeye kalala! Nikampa maneno yake. Nikamuuliza kanisani kaenda? Akasema Bibi, huku Jumapili bado haijakucha. Nimesikia visingizio vingi vya watu waliomwacha Mungu. Hiki ni kipya.

Akasema ni usiku. Nikamwambia anionyeshe dirisha. Kweli giza. Lakini mwenyewe alishaniambia kule jua linaunguza mpaka watu wanafunga mapazia mazito mchana kutwa. Hanidanganyi mie.

Yuliana akasikika kwa nyuma, shikamoo Bibi. Binti wa Masasi huyu ana adabu hata akiwa usingizini. Marahaba mke mwenzangu, amka utembee, mtoto ashuke! Akasema mchana nje ni nyuzi arobaini na nne, mlango wa gari unaushika kwa kitambaa. Nikamwambia basi atembee ndani. Akasema huwa wanaendaga kwenye duka kubwa lenye ubaridi, wanazunguka mashelfu, hawanunui kitu, wanarudi nyumbani. Hapa Tegeta wangeulizwa wanatafuta nini.

Jumatatu, 4 Agosti

Zamu ya Lusungu. Huko kwao upepo. Asubuhi sweta, mchana jua, jioni vumbi. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Kapanda mpapai uani, upepo umeuinamisha, kasema uko kama mtu anayetafuta sindano.

Finiksi ndiyo kiboko. Uani kwa Brightson hakuna jani. Wamemwaga kokoto! Kwa makusudi! Na kuna mtu anakuja kupulizia dawa ili majani yasije yakaota katikati ya kokoto. Mmea uliopo ni mmoja, mrefu, miiba mitupu, umenyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Mie nimezaliwa Tukuyu. Kwetu mvua haipigi hodi. Ukisahau mpini wa jembe nje unachipua. Sasa wajukuu wawili wa damu ya Tukuyu wamekwenda kukaa mahali ambapo chura angeandika wosia. Sijui nilikosea wapi.

Ila kuna tofauti moja nimeiona. Lusungu akiishiwa chumvi anagonga kwa jirani. Brightson miaka minne pale hamjui jirani yake jina, anamjua mbwa. Uchungu ukimshika Yuliana mume yuko ghalani, nani atamsikia? Hilo limeninyima hamu ya kula.

Nimekula baadaye.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango nimeupata nikipepeta mchele. Kitukuu wa kwanza ni mmoja, sawa. Lakini nani kasema kila mmoja asijue kuwa ni wake?

Nimempigia Lusungu nikanong'ona. Nimeona dalili, wako ndiye wa kwanza, andaa jina, usimwambie Brightson asije akaumia. Nikakata. Nikampigia Brightson. Nimeona dalili, wako ndiye wa kwanza, andaa jina, usimwambie Lusungu asije akaumia. Ilikuwa saa nne kwenye saa yake na bado kavaa nguo za kulalia. Sikusema kitu. Siku ya mpango mtu unameza.

Wote wamejibu "Sawa, Bibi." Haraka haraka! Haraka kuliko nilivyotegemea. Nimewalea vizuri.

Atuganile wawili kwa mpigo! Nimefagia mpaka kwenye mpaka wa Bi Hamida huku naimba. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Nikaimba zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Wamezaliwa! Wote! Wasichana!

Gaudens kapiga alfajiri, saa kumi na moja, analia utadhani yeye ndiye aliyezaa. Lusungu mzima, mtoto mzima. Nikapiga vigelegele, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Bi Hamida kaja mbio na khanga moja, tukakumbatiana tukalia. Ugomvi wetu alfajiri huwa haufanyi kazi.

Saa mbili asubuhi, bado tunakunywa chai, Brightson huyo! Mtoto katoka sasa hivi, hajafutwa vizuri, namwona kwa macho yangu anavyopiga kelele. Nikauliza kazaliwa saa ngapi. Kasema saa nne kasoro usiku, Jumanne.

Jumanne ilikuwa jana.

Nikamwambia mtoto huyu bado anatoka mvuke, kazaliwaje jana? Akasema Bibi, huku bado ni jana. Nesi kashaandika.

Nikamwita Twaha. Kasimama mbele ya saa zangu, kaniambia taratibu kwamba Finiksi haiko mbele kwa saa mbili, iko nyuma kwa saa kumi, ila kwenye uso wa saa mishale inakaa pale pale. Nikamuuliza kwa hiyo siku ile ya mapazia ulikuwa usiku kweli? Kasema ndiyo, Bibi, usiku wa manane. Nimetafakari sana. Brightson alitakiwa anieleze vizuri.

Basi iko hivi. Wa Dodoma katangulia kutoka. Wa Finiksi katangulia tarehe. Bi Hamida kasema, "Mwenzangu, hapo hata kadhi anaahirisha kesi." Mie moyoni kicheko. Kila mmoja ana haki ya kuamini ni wake! Mpango umebarikiwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Lusungu kapiga. Hongera Bibi, kitukuu wako wa kwanza ni wa Brightson. Cheti kinasema Jumanne, sie ni Jumatano. Jina liende Finiksi.

Brightson kapiga. Hongera Bibi, kitukuu wako wa kwanza ni wa Lusungu. Kamtangulia wangu karibu saa tatu nzima, tarehe ni karatasi tu. Jina liende Dodoma.

Machozi yamenitoka. Kila mmoja anamwachia mwenzake! Kwenye grupu la ukoo wameshindana siku nzima. Lusungu kasema mtu anazaliwa kwa kalenda ya hapo alipo. Brightson kasema jua ni moja. Gaudens kaweka ramani ya dunia yenye mistari. Wapi utaona upendo wa namna hii?

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kumsimulia Bi Hamida, kwa majigambo yangu yote. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema polepole, na polepole si kawaida yake, "Shoga, hawaachiani. Wanalikimbia."

Nikaondoka bila kuaga. Nikafika kwangu. Nikarudi kumuuliza ana maana gani. Akanikaribisha ubwabwa. Nikajua.

Nikasubiri jioni, kwao asubuhi, nikampigia Brightson. Mtoto anaitwa nani? Akasema Ava. Na Atuganile je? Akasema Bibi, wazungu watakwama kwenye "tuga". Watu wanaosema Arizona tangu asubuhi mpaka jioni watakwama kwenye "tuga"?

Nikampigia Lusungu. Mtoto anaitwa Glory. Kasema Atuganile ni jina zuri, Bibi, ila la kizamani, shuleni watamtania. Mie shule sikwenda, herufi hizi nimezipata kwenye kitabu cha nyimbo. Sijui wanataniana nini huko.

Ninachojua, jina hili alinipa bibi yangu, naye ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka Mto Kiwira mwaka mama alipofariki. Nikamuuliza njiani maana yake. Akasema maana yake Mungu katupenda. Siku ile pendo sikuliona popote. Nilimwona yeye tu, kisogo chake, jasho lake. Ikatosha.

Chakula sikula. Na baadaye sikula.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeamka na mpango mpya. Kuanzia leo siitikii shikamoo.

Saa moja asubuhi Lusungu kaandika kwenye grupu, shikamoo Bibi. Nimeisoma. Nimeacha alama za bluu zionekane. Jioni Brightson, shikamoo Bibi. Nimeisoma. Gaudens naye, shikamoo Bibi. Yeye Mchaga wa watu hana kosa, kaingia kwa ndoa. Nimeisoma.

Mjukuu asiyepata marahaba ni kama mgeni aliyepiga hodi na hakujibiwa. Kukaa hawezi, kuondoka hawezi. Watajua!

Jumatatu, 18 Agosti

Mgomo una kasoro moja. Sijui maziwa yametoka au hayajatoka.

Nimemwita Bi Hamida ampigie Lusungu kwa simu yake, sebuleni kwangu, sauti ya nje, mie nimejibanza pembeni namnong'oneza maswali. Muulize anakula nini. Muulize kitovu. Lusungu kasema, "Bi Hamida, shikamoo, mwambie Bibi kitovu kimekauka." Bi Hamida kasema Bibi hayupo. Lusungu kasema, "Kama hayupo, mwambie akohoe kidogo nijue yu mzima."

Nimekohoa. Kikohozi si marahaba.

Kisha nikafunga boksi la kwenda Dodoma kwa basi: ndizi za mtori, mchele wa Kyela, samaki wakavu. Jina la mtumaji sikuandika. Mgomo ni mgomo.

Jioni Bi Hamida kampigia Yuliana. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Yuliana katokea kwenye picha nywele hazijachanwa, macho mekundu, mtoto begani. Kaulizwa hali, kaanza kulia. Brightson karudi ghalani. Nje moto. Mlango haujagongwa tangu watoke hospitali. Hajaoga tangu jana kwa sababu hana wa kumshikia mtoto dakika kumi.

Nimemnyang'anya Bi Hamida simu! Nikamwambia mke mwenzangu, mlaze mtoto hapo kitandani, egesha simu kwenye mto nimwone, nenda kaoge. Akasema Bibi, utamshikaje kutoka huko? Nikamwambia nenda.

Kaenda. Nikabaki mie na mtoto. Nikaimba. Nyimbo za kanisa zikaisha, nikaimba za Tukuyu za kupalilia maharage, Bi Hamida akapiga makofi. Mtoto anatazama juu, labda ananiona, labda anaona taa. Muda wote nilimwita Atuganile. Hakuwepo mtu wa kunikataza. Atuganile, tulia. Atuganile, mama anakuja. Akapiga chafya. Nimeihesabu kuwa kaitika.

Yuliana karudi na taulo kichwani, anacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe mlango wa bafu aliuacha wazi. Kasikia yote.

Jumatano, 20 Agosti

Boksi limefika. Lusungu kaandika kwenye grupu kwamba anamshukuru msamaria asiyejulikana aliyefunga ndizi kwa khanga ya Bibi ya Krismasi.

Nimesoma. Sikujibu.

Saa kumi na mbili jioni nimemshikilia mtoto wa Finiksi tena, mama yake kaoga, kanywa uji. Hii si kuvunja mgomo. Yuliana hayumo kwenye mgomo.

Alhamisi, 21 Agosti

Yuliana kamaliza kazi! Kamwambia Brightson kwamba kama kuna mtu mmoja tu Marekani nzima anayemwezesha kuoga, na mtu huyo yuko Wazo, basi jina lake litakwenda kwenye cheti, wazungu wakwame wasikwame. Mtoto ni Ava Atuganile.

Lusungu kasikia. Hakukubali kushindwa. Glory Atuganile!

Na sasa wanagombana upya, kwa kugeuka. Lusungu kasema wa kwanza ni wake, katangulia saa tatu, jua ni moja. Brightson kasema wa kwanza ni wake, Jumanne ni Jumanne, mtu anazaliwa kwa kalenda ya hapo alipo. Gaudens karudisha ramani.

Nimewaitikia marahaba zote kwa mpigo. Marahaba Lusungu, marahaba mume wangu, marahaba Gaudens usiye na kosa. Nimecheza sebuleni peke yangu mbele ya saa tatu.

Halafu Bi Hamida kaja kunipongeza. Kakaa, kanywa chai, kanipa mkono. Akauliza, kwa upole kabisa, hilo Atuganile liko mbele au nyuma? Maana Hamida wake wote watatu liko mbele.

Mwanamke huyu!

Liko nyuma. Nyuma ya Glory, nyuma ya Ava. Shuleni wataitwa Glory. Kliniki wataitwa Ava. Atuganile atakaa huko mwisho kama mgeni aliyekuta viti vimejaa.

Ijumaa, 10 Oktoba, Dodoma

Nimekuja kwenye ubatizo. Ni keshokutwa. Kweli huku ni upepo mtupu, nimekula vumbi njia nzima, lakini zabibu zao tamu na jirani wa Lusungu kaniletea mlenda kabla sijavua viatu. Mtoto ana kidevu changu. Nimembeba tangu nimefika, mama yake kamwona wakati wa kunyonyesha tu.

Jana baada ya chakula walinikalisha chini. Lusungu, Gaudens, na Brightson kwenye simu. Wakaniomba radhi kwa habari ya jina, nikawaomba radhi kwa kuwanong'oneza kila mmoja uongo wake. Tukalia kidogo. Lusungu kanishika mikono, kasema Bibi, mipango basi. Nikaapa mbele yao. Mipango basi! Nimeapa kwa moyo mweupe.

Leo mchana tumekwenda kanisani kuelekezwa. Mchungaji, kijana mpole, katuonyesha pa kusimama. Kasema atauliza jina la mtoto, aliyembeba ndiye atajibu, naye atalitamka vile vile alivyolisikia na kumwaga maji. Nikamuuliza anatamka majina yote? Kasema anamtegemea mbebaji. Nikamuuliza akishatamka, anaweza kurudia upya? Kacheka, kasema hapana Bibi, ubatizo ni mara moja.

Nimemwomba Lusungu nimbebe mie. Kafurahi mpaka kanikumbatia, kasema itakuwa heshima kubwa.

Tangu hapo nakunywa chai ya tangawizi ili sauti isikwaruze. Ava anabatizwa wiki ijayo, nimeshamwambia Yuliana amlaze kifuani na aiegeshe simu karibu na sikio la mchungaji, sauti ya mwisho, akiuliza jina nijibu mie.

Jina moja linatosha. Fupi, wazi, bila Glory.